Kishikwambi Kisichojua Kukataa

"Rudia," Chiriku alisema. "Rudia hilo ulilosema."

"Nimesema likizo imefutwa," Mrefu alijibu kutoka ndani ya kioo. "Mwenzangu wa zamu ameumia mgongo, na jengo limebakiza ghorofa mbili. Msimamizi amesema hakuna dereva wa winchi atakayeondoka mpaka zege la juu limwagwe."

"Na wewe ukasemaje?"

"Ningesemaje?"

"Ungesema kuna mtu anaozwa kesho!"

Nyuma ya Mrefu palikuwa na anga tupu. Alikuwa amekaa kwenye kibanda cha winchi, juu kabisa, mahali alipozoea kumpigia wakati wa mapumziko kwa sababu huko, alisema, hakuna wa kumchungulia. Uso ulikuwa umemjaa vumbi la saruji na macho yamekuwa mekundu. Chiriku alitamani kupenyeza mkono ndani ya kioo amfute, na kule kutamani ndiko kulikomzidishia hasira.

"Kesho alasiri wanakuja," alisema. "Mfamasia na mjomba wake. Wanakuja kuchukua jibu, Mrefu. Unaelewa maana ya watu wazima kuvaa viatu vyao vizuri kuja kuchukua jibu?"

"Naelewa."

"Ungekuwa unaelewa ungekuwa kwenye basi."

"Mwambie Mama anipe mwezi mmoja."

"Ulipewa mwezi mmoja. Ukapewa na mwingine juu yake. Mama hana tena mwezi wa kukupa."

"Chiriku..."

"Kaa huko huko juu!"

Akabonyeza alama nyekundu, akakirudisha kishikwambi juu ya kabati, akakitupia kipande cha bitana asione hata kile kioo. Kisha akarudi kwenye cherehani, akainamia gauni la watu huku machozi yakimdondokea kwenye pindo.

Sasa, hapa lazima msomaji akijue kishikwambi chenyewe, maana bila hicho hakuna kisa. Mrefu alikinunua wiki aliyokuwa anasafiri, kwa uwezo wake wa siku ile, na uwezo wenyewe ulikuwa mdogo. Hata muuzaji alimwambia bila kuficha, "Kaka, hiki ni cha kuanzia maisha." Mrefu alikipeleka kwa Chiriku kimefungwa kwenye gazeti, akamwambia, "Wateja wako wachagulie mishono humu. Na mimi unitazamie humu humu." Na kweli, chumba kile cha mbele, ambacho asubuhi kilikuwa kiwanda cha kushonea na jioni kikawa sebule, kikapata uhai. Wateja walikuja wakatelezesha kidole wakichagua shingo na mikono, na mapumziko yakifika, Mrefu alitokea kioo kizima.

Lakini rahisi ni rahisi tu. Betri ilikufa mapema, kikawa hakiishi ila kikinyonya umeme wa ukutani, na soketi yenye uhai katika chumba kile ilikuwa moja, pale kabatini. Kwa hiyo mapenzi yote ya Chiriku yalifanyika hadharani, mita mbili kutoka kiti cha mama yake. Halafu siku moja kilianguka kutoka meza ya kukatia, kona ya chini ikafa ganzi. Ukiigusa ni kama umegusa ukuta. Na shetani hakosi kazi: alama nyekundu ya kukata simu ilikaa pale pale. Dawa ilikuwa moja, ukilaze ubavu ili alama zihame upande mzima. Nyumba nzima ilijua. "Umekilaza?" waliulizana, kama watu wengine wanavyoulizana kama jiko limezimwa.

Leo, kwa hasira, Chiriku hakukilaza.

Mama yake aliingia akitokea uani, sindano kifuani na mfuko wa vifungo mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa akimshonea vifungo vya nguo za wateja na kuvitobolea matundu. Nyuma yake aliingia Shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye ndiye aliyeleta posa ya Mfamasia na alikuwa akiitembeza kama mtu aliyeshika mayai.

"Nimesikia sauti," Mama alisema. "Alikuwa yeye?"

"Alikuwa yeye."

"Anakuja?"

Chiriku akakanyaga cherehani. Ikalia kidogo, ikanyamaza. "Haji."

Shangazi akapiga kofi moja. "Nilisema mimi! Fimbo ya mbali haiui nyoka. Bwana Kioo huyo! Mwaka mzima anakula kwa macho tu. Winchi yenyewe si yake, kazi kubembea hewani kama nguo iliyoanikwa!"

"Wifi, ngoja kidogo," Mama alisema. Akavuta kigoda akakaa mbele ya binti yake, magoti yao yakagusana. "Mwanangu, nitazame. Baba yako nilimngoja kwa simu ya jirani. Naitwa, natimua mbio, nafika nahema, nakuta imekatika. Miaka ikaenda hivyo. Aliporudi, alirudi mgonjwa, nikamuuguza mtu ambaye hata sikujua siku hizi anapenda nini na hapendi nini. Nikamzika hivyo hivyo, mgeni wangu. Sitaki wewe upitie hapo. Lakini na mimi sitaki kukuoza kwa kukufunga kamba. Kwa hiyo nakuuliza leo, nikiwa na nguvu ya kusikia. Unampenda?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini Shangazi alikuwa amesimama pale na tabasamu lake la pembeni, na Chiriku, ambaye tangu utotoni aliitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake haukujua kufungwa, aliona aibu ya kuachwa kuliko alivyoona kitu kingine. Ulimi hauna mfupa.

"Nimpende nini, Mama?" akasema, akacheka kicheko kikavu. "Mtu wa kupitisha muda tu yule. Nikichoka kushona namwangalia, kama wenzangu wanavyoangalia tamthilia."

Shangazi akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Tamthilia! Ehee! Na kesho mfamasia wetu unamjibuje?"

"Nitasema ndiyo."

"Mungu mkubwa! Bwana Kioo kwisha habari yake!"

Mama hakucheka. Alikuwa bado anamtazama binti yake usoni, na alikuwa amefungua mdomo kuuliza tena, wakati sauti ilipotoka chini ya kile kipande cha bitana, taratibu, ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Shangazi."

Hakuna aliyeitikia. Shangazi alibaki mdomo wazi. Mama alishika mfuko wa vifungo kwa mikono miwili. Shikamoo isipoitikiwa hubaki imesimama mlangoni, haiingii wala haiondoki, na ile ilisimama pale kwa muda ambao Chiriku aliuhisi mpaka kwenye meno.

Alifika kabatini kwa hatua ambazo hakuzijua, akafunua bitana. Mrefu alikuwa pale pale alipomwacha, na anga lake nyuma. Hakuwa amekasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu.

"Sikukusudia kusikiliza," alisema. "Nimeita, hamkunisikia kwa kicheko."

"Mrefu, si hivyo. Nilisema tu..."

"Umesema vizuri. Nilikuwa nadhani mimi ni mtu. Kumbe ni tamthilia."

"Nisikilize!"

"Nimesikiliza, Chiriku. Kila neno." Akamtazama kwa namna alivyozoea kumtazama kabla ya kuagana, akianzia paji la uso na kushuka polepole, kama mtu anayefunga nyumba chumba kwa chumba. "Usihangaike kukilaza. Nitakata mimi huku."

Na akakata.

Jioni ile alimpigia, simu ikaita bila kupokelewa. Akapiga tena. Akaacha, akajiapiza hatapiga tena, akapiga. Alimwachia ujumbe wa sauti, akausikiliza mwenyewe, akaona unafanana na mtu anayejitetea polisi, akaufuta. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alikuwa ameyamwaga kwa mikono miwili.

Jumapili asubuhi Shangazi alikuja mapema kusimamia maandalizi. Viti vilifutwa, cherehani ikasukumwa pembeni na kufunikwa. Katika pilikapilika hizo Shangazi akataka Mama aione picha ya Mfamasia aliyopiga akiwa na koti lake jeupe la kazini.

"Nakutumia kwenye hiyo tableti yenu, uione kubwa," alisema, akabonyeza simu yake.

Kishikwambi kikalia, kikafikiri, kikaandika kwamba nafasi imejaa.

"Hata tableti imemkataa," Chiriku alisema kabla hajajizuia.

"Futa kitu!" Shangazi akafoka. "Midudu gani mmejaza humo?"

Mama alisogea akasimama nyuma ya binti yake. Chiriku akafungua mahali pa picha, na hapakuwa na pa kujificha. Kuanzia juu mpaka chini ilikuwa ni Mrefu: Mrefu amevaa kofia ngumu, Mrefu anakula amesimama, ndoano ya winchi inapanda na tofali zake, mvua inagonga kioo cha kibanda huku Mrefu akiimba vibaya, kiatu cha Mrefu kilichotoboka alichompigia picha ili amcheke. Video fupi fupi zisizo na maana kwa mtu mwingine yeyote.

"Hizi zote?" Mama aliuliza.

"Ndizo."

"Na mishono ya wateja iko wapi? Yale magauni ya maharusi? Wale mabibi harusi waliokuwa wanakaa hapa kuchagua?"

Chiriku akainamisha kichwa. "Niliifuta. Kila alipoleta yake nilifuta mmoja."

Mama alikuwa amekula kwa cherehani ile tangu mumewe alale kitandani, alijua mshono mmoja unaleta mteja gani, na alijua mtu hatupi chombo chake cha kazi ili apate pa kuweka tamthilia. Alikata uzi kwa meno, akaenda kukaa kwenye kiti chake akavitazama vifungo.

"Umefuta?" Shangazi aliuliza.

"Mwache," Mama alisema. "Mwenyewe anakuja, ya nini picha."

Na alasiri alikuja. Mfamasia alikuwa mtu mzuri, hilo halina ubishi, na Chiriku angependa kumchukia lakini hakumpa nafasi. Alivua viatu mlangoni vizuri, akamsalimia Mama kwa kuinama, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kukichosha. Mjomba wake, mzee mnene mwenye sauti ya kwaya, ndiye aliyesema. Alizunguka, akasifu nyumba, akasifu usafi, akasifu marehemu, halafu akafika.

"Sasa sisi tuliacha neno hapa. Tumekuja kulichukua. Binti yupo, mama yupo, shangazi yupo. Tusikilizwe."

Shangazi akamkonyeza Chiriku. Chiriku akakaza vidole mapajani. Neno lilikuwa moja tu, alikwisha kuliahidi jana mbele ya watu, na aliyekuwa sababu ya kutolisema hapokei simu. Akafungua mdomo.

Kishikwambi kikaita.

Kililia juu ya kabati kwa ule mlio wake mkali wa vitu vya bei rahisi, na kioo kizima kikawaka uso wa Mrefu.

"Samahani, ni wateja hao," Shangazi alisema, akaruka kabla ya mtu yeyote. Akabonyeza alama nyekundu. Kikaendelea kuita. Akabonyeza tena, akabonyeza kwa kidole gumba, akakigonga kama mlango. "Hii haikataliki hii! Inazimwaje?"

"Kilaze," Chiriku alisema kwa sauti ambayo haikutoka.

Mjomba akaziba sikio. Shangazi, jasho likimtoka, akakimbilia alama pekee iliyokuwa ikikubali kuguswa, ile ya kijani, apate tu kukinyamazisha. Kikanyamaza. Na Mrefu akawa chumbani.

Hakuwa kibandani leo. Alikuwa chini, ardhini, amebeba begi begani na watu wanapita nyuma yake.

"Shikamoo, Mama," alisema akihema. "Naomba dakika moja tu halafu mnikate."

"Ni nani huyu?" Mjomba aliuliza.

"Si mtu," Shangazi alisema, akamsukumia Mama kishikwambi. "Wifi, kilaze! Wewe ndiye unayekijua. Kilaze haraka!"

Mama alikipokea. Chiriku aliona vidole vya mama yake vikishika zile pembe mbili, vile alivyozoea kuzishika. Mkono mmoja tu, msokoto mmoja, na ingekuwa basi.

Mama hakukilaza. Alikiweka wima kwenye kiti kitupu kilichokuwa karibu na soketi, akakiegemeza kwenye mto kiwatazame wageni, akanyoosha waya usikatike.

"Waliokuja kwa miguu wamesema," aliwaambia wote. "Na huyu aseme. Lakini kabla hajasema, kuna mtu hapa ana deni la maneno. Chiriku."

Chiriku alisimama. Hakumtazama Mrefu kwanza, aliwatazama wageni, maana hao ndio waliokuwa na haki ya kutazamwa.

"Jana nilisema uongo," alisema. "Mama aliniuliza kama nampenda huyu, nikasema ni mtu wa kupitisha muda. Niliona aibu kwamba haji. Nampenda. Nimempenda mpaka nimeharibu kazi yangu. Nisameheni nyinyi, mmevaa vizuri mkaja."

Shangazi akakaa chini kama aliyekatwa miguu. Mfamasia alitazama viatu vyake kule mlangoni.

Mama akakigeukia kile kiti. "Umesikia?"

"Nimesikia, Mama." Mrefu akashusha begi.

"Basi nijibu na mimi. Sitaki mkwe wa kioo. Nilishakuwa na mume wa waya, namjua. Nataka mtu akae kwenye kiti hiki, kiti kilie kwa uzito wake. Unakuja lini?"

Mrefu akafungua mdomo.

Umeme ukakatika.

Feni ya juu ikapunguza mwendo, ikazunguka kwa uvivu, ikasimama. Kioo kikawa cheusi kama kaango. Hakuna aliyesogea, kila mtu akikitazama kile kiti kama vile jibu lingeweza kutoka hata bila moto.

"Mmeona?" Shangazi alisema hatimaye, kwa upole wa mtu aliyeshinda. "Mmeona wenyewe? Hata Mungu amekata. Mpe mwenzio jibu lake, mwanangu, uishi na mtu unayeweza kumshika."

Mjomba akakohoa. "Binti, huyo hakujibu. Huenda angesema mwakani. Huenda angesema hajui. Sisi tupo hapa, na jibu letu halina betri. Unasemaje?"

Chiriku alikitazama kioo cheusi, akajiona mwenyewe humo, kidogo. Ni kweli hakujua Mrefu angesema nini. Pengine alikuwa amepiga ili amuage kwa adabu. Pengine ndani ya saa moja angebaki hana huyu wala yule, na mtaa ungecheka mpaka uchoke. Alijua yote hayo, na alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia.

"Mzee wangu, la kwake silijui. La kwangu nalijua, na halikuwa likingoja umeme. Jibu ni hapana. Akija, hapana. Asipokuja, hapana."

Mjomba alivuta pumzi ya kuanza hotuba, lakini Mfamasia akamgusa mkono.

"Twende, Mjomba. Tumejibiwa." Akasimama, akamwinamia Mama, kisha akamtazama Chiriku kwa mara ya kwanza sawasawa, na macho yake yalikuwa na maumivu ya kiungwana. "Ningejua, ningekuja na jenereta. Mngemalizana mapema."

Shangazi aliwafuata nje akiomba radhi mpaka barabarani, na huko huko akapotelea.

Walibaki wawili. Chiriku alienda kuchomoa chaja, mazoea tu, umeme ukirudi kwa kishindo usije ukaiunguza.

"Usichomoe," Mama alisema.

"Itaungua, Mama."

"Iungue." Alivuta kigoda akakiweka karibu na soketi, akakaa, akapakata mfuko wake wa vifungo. "Siku moja ilikatika hivi, kwa jirani. Nikasonya nikaondoka zangu. Kesho yake jirani ananiambia, mbona ulikimbia, mwenzio alipiga tena na tena mpaka akachoka. Nikajifanya sijali. Baba yako naye hakuniambia mpaka anakufa kama alipiga." Akatunga uzi kwenye sindano, mara ya kwanza akakosa tundu. "Leo tukae."

Wakakaa. Chiriku alijiegemeza gotini kwa mama yake kama zamani. Nje watu walipita na maisha yao. Kifungo kimoja kikashonwa, na kingine, mpaka mwanga wa dirishani ukaanza kufifia na Mama akawa anashona kwa kupapasa.

Feni ikashtuka. Taa ikawaka. Kishikwambi, kikiwa taratibu kama kawaida yake, kikajifikiria, kikaonyesha nembo yake, kikajifikiria tena, huku Chiriku akiuma kidole.

Kikaita.

Alinyoosha mkono. Mkono wa Mama ukafika kwanza, ukagusa kijani.

"Shikamoo, Mama," Mrefu alisema. Sauti ilikuwa ya mtu anayegonga mlango kwa mara ya mwisho.

"Marahaba, mwanangu," Mama alisema. "Marahaba. Na ile ya jana, marahaba. Nilikuuliza swali."

"Nilijibu, Mama! Nikaona kimya, nikajua mmenikata." Akageuza simu yake, wakaona migongo ya watu, mizigo, na dirisha dogo lenye nondo. "Mwenzangu wa zamu nyingine amekubali kunishikia. Msimamizi amekataa, nimemwachia funguo mezani. Nipo kwenye foleni ya tiketi. Lakini nikasema niulize kwanza, maana kama jibu limeshatoka huko..."

Chiriku alishindwa kusema. Yeye, Chiriku mzima. Alikuwa anacheka na kulia na kutikisa kichwa, vyote kwa pamoja, na kioo kidogo kile kilikuwa kinamwonyesha Mrefu yote hayo.

Mama akakisogeza kishikwambi karibu na uso wake.

"Basi usitoke kwenye foleni," alisema.

Akamkabidhi binti yake kishikwambi, akachukua taa ya kushonea, akaenda uani kuwaachia chumba.